Gari Zima, Hati Mbovu: Uchambuzi wa Kisa cha Ununuzi wa Van kwa Tangazo Dogo katika Mji Mdogo wa Marekani

Usuli

Familia inayohusika ni ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wenye asili ya Kivu Kusini, waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani kwa mpango wa makazi mapya ya wakimbizi. Walianzia katika jiji kubwa, kisha wakahamia mji mdogo wa Magharibi ya Kati baada ya ndugu mmoja kuwaarifu kwamba kiwanda cha nyama cha huko kinaajiri hata watu wasiojua Kiingereza kingi. Baba anafanya kazi kiwandani zamu ya jioni, mama anafanya usafi katika shule, na binti mkubwa kati ya watoto watano, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, ndiye aliyekuwa akisoma barua zote za nyumbani na kuwatafsiria wazazi wake. Familia imeridhia kisa hiki kiandikwe. Nimeondoa jina la mji, la jimbo na la gari, na nimekadiria bei na maili. Mimi niliingia kama mkalimani wa kujitolea siku walipokataliwa katika ofisi ya kaunti. Yaliyotangulia nimeyapata kwao, nami nimeyalinganisha na ujumbe wa simu na karatasi zilizobaki.

Mji wenyewe hauna daladala wala matatu. Kiwanda kiko nje ya mji, duka kubwa liko upande mwingine, na wakati wa baridi kali hakuna anayetembea kwa miguu kando ya barabara kuu. Asiye na gari hana kazi, na familia ya watu saba yenye gari dogo la watu watano hulazimika kila Jumapili kuamua nani aende kanisani na nani abaki.

Soko la matangazo katika mji wa namna hii

Kwa miongo mingi matangazo madogo ya miji ya Marekani yalikaa kwenye kurasa za mwisho za gazeti la wiki, yakilipiwa kwa neno au kwa mstari: ndama wanauzwa, chumba kinapangishwa, mbwa amepotea, Jumamosi tunauza vyombo na nguo kwenye gereji yetu. Kwa nchi nzima biashara hiyo iliwaingizia wachapishaji wa magazeti karibu dola bilioni 20 mwaka 2000, kisha ikaporomoka haraka. Craigslist, iliyoanzishwa na Craig Newmark huko San Francisco mwaka 1995 kama orodha ya barua pepe, iliwazoesha watu kutangaza bila malipo, na mwezi Oktoba 2016 Facebook ikafungua Marketplace, ambayo leo ni moja ya masoko ya kwanza kufunguliwa na mtu anayetafuta gari la mkononi.

Hata hivyo, katika mji huu njia za zamani hazijafa. Gazeti la wiki bado lina ukurasa wa matangazo madogo, ingawa ni nusu ukurasa. Redio ya kaunti ina kipindi cha asubuhi ambacho watu hupiga simu na kusema wanachouza au wanachotafuta, na mtangazaji hurudia namba ya simu mara mbili, polepole, ili wanaoandika kwa kalamu wasiachwe. Dobi la mashine na duka la vyakula vya mifugo yana mbao za kubandika karatasi. Familia hii ilitumia njia zote hizo, na ndiyo maana kisa chao kinafundisha zaidi ya kisa cha mtu aliyetapeliwa mara moja mtandaoni.

Mfuatano wa matukio

Kuuza gari la zamani kulikwenda vizuri. Baba alikwenda na binti kwenye kaunta ya gazeti, na karani akawaandikia tangazo yeye mwenyewe: gari dogo la milango minne, maili 178,000, hita inafanya kazi, kioo cha pembeni kimepasuka, dola 1,600, bei inazungumzika, piga simu kabla ya saa 8 mchana. Baba hakutaka kioo kitajwe. Karani alisisitiza kitajwe, akieleza kwamba mnunuzi atakayeendesha maili thelathini na kukuta ufa ambao hakuambiwa atawasimulia watu wa kanisa lake lote. Aliwaonya pia juu ya hundi: akitokea mtu anayekubali bei bila kuliona gari na kutaka kutuma hundi ya benki yenye kiasi kikubwa kuliko bei, ili wao wamrudishie au wampelekee msafirishaji kiasi kilichozidi, wasimjibu.

Ujumbe wa namna hiyo ulikuja baada ya siku chache, nao hawakuujibu. Onyo lile lilikuwa na uzito kuliko karani mwenyewe alivyoweza kueleza kwa dakika mbili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inazitaka benki zimruhusu mteja kutumia haraka fedha za hundi iliyotolewa na benki, kwa kawaida siku ya kazi inayofuata iwapo ameiweka mwenyewe kaunta, lakini ugunduzi kwamba hundi ni ya kughushi unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kuona fedha kwenye akaunti hakuna maana kwamba hundi imelipwa, na ikirudi, anayedaiwa ni yule aliyeiweka. Gari liliuzwa hatimaye kwa mkulima aliyelisikia redioni, kwa fedha taslimu zilizohesabiwa ndani ya benki. Baba alifungua namba za gari kwa bisibisi papo hapo, kwa kuwa katika jimbo hilo namba hubaki kwa muuzaji.

Ununuzi wa van ulikuwa habari nyingine. Theluji ilikuwa inakaribia, na fedha za upatu, au likelemba kama wenyewe wanavyouita, zilikuwa zimefika zamu yao. Binti aliona kwenye Marketplace van ya watu saba, ya mwaka 2012, iliyopigwa picha mbele ya ghala la shamba, kwa dola 4,400. Muuzaji aliomba wakutane Jumapili jioni kwenye kituo cha mafuta cha kaunti jirani, akaongeza kwamba kuna mtu mwingine anayekuja kuiangalia. Baba alimchukua rafiki yake, fundi aliyetengeneza magari Uvira kabla ya vita.

Ukaguzi wa fundi haukuwa na kasoro. Alivuta kijiti cha oili na kunusa oili ya gia boksi, akaangalia kama maji ya rejeta yana mafuta, akalala chini na tochi kutafuta kutu kwenye mabomba ya breki, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula vyuma vya chini kabla ya mwili wa gari kuonyesha dalili. Aligundua brekipedi za mbele zimeisha, na bei ikashuka hadi dola 4,200. Binti naye alilinganisha namba ya chesisi, zile tarakimu na herufi 17 zinazoonekana kupitia kioo cha mbele, na iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki. Zilifanana.

Mbele ya hati hiyo, ambayo Tanzania tungeiita kadi ya gari, palikuwa na jina la mwanamke. Muuzaji alisema ni shangazi yake, mzee asiyependa kutoka nje usiku, aliyetia sahihi wiki iliyopita ili kurahisisha mambo. Nyuma, kwenye sehemu ya uhamisho, sahihi ya mwanamke huyo ilikuwepo, na maili 141,300 zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wake. Nafasi ya jina la mnunuzi ilikuwa tupu. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu. Nafasi ya bei ilikuwa tupu. Dashibodi ya gari wakati huohuo ilisoma maili 149,800. Baba alilipa taslimu, hakuomba hati ya mauziano, akaondoka na funguo na karatasi hiyo.

Siku tatu baadaye karani wa ofisi ya mweka hazina wa kaunti, ambayo ndiyo inayosajili umiliki wa magari huko, aliigeuza hati, akaweka ncha ya kalamu kwenye namba ya maili, akauliza gari linasoma ngapi leo. Alipojibiwa, alirudisha karatasi juu ya kaunta bila kuipiga muhuri.

Tatizo lilivyoelezwa

Maili 8,500 haziendeshwi ndani ya wiki moja. Mwanamke aliyetia sahihi alikuwa ameuza gari miezi mingi kabla, kwa mtu ambaye hakuwahi kuandika jina lake mwenyewe. Mtu huyo, au mwingine aliyenunua kwake, aliliendesha na kuliuza tena akitumia sahihi ya mwenye gari wa mwanzo, kana kwamba yeye hakuwahi kuwepo. Hili ni kosa kisheria, na faida yake kwa anayelifanya ni dhahiri. Haonekani kwenye kumbukumbu za jimbo. Halipi kodi wala ada ya uhamisho. Anakwepa pia kikomo ambacho majimbo huweka cha magari ambayo mtu asiye na leseni ya biashara anaweza kuuza kwa mwaka. Chini ya kanuni za shirikisho, anayeuza zaidi ya magari matano ya mkononi ndani ya miezi kumi na miwili huhesabiwa kuwa mfanyabiashara na lazima abandike dirishani karatasi inayosema kama gari lina dhamana au linauzwa jinsi lilivyo. Dalali anayejifanya mtu wa kawaida anayeuza gari la shangazi hafanyi lolote kati ya hayo.

Maili nazo zina sheria yake. Serikali ya shirikisho inataka muuzaji aandike na kuthibitisha maili wakati wa kuhamisha umiliki, na tangu mwaka 2021 magari ya mwaka 2011 na kuendelea yako chini ya sharti hilo kwa miaka 20. Kauli ya maili iliyotiwa sahihi na mtu ambaye hakuwauzia wao gari haikuwa kauli ya muuzaji wao. Karani hakuwa na njia ya kuipokea.

Akaunti ya muuzaji ilikuwa imefutwa, na simu yake haikupokewa tena.

Maamuzi na sababu zake

Nilipofika, familia ilikuwa na mapendekezo matatu mezani, na la kwanza lilikuwa linapendwa na karibu wote kiwandani: kaunti jirani ingekuwa na karani mwingine, kwa hiyo baba aandike jina lake kwenye nafasi tupu, aweke tarehe ya nyuma, aandike maili zinazokaribia zile za mwanzo, na kulipa kodi kama aliyenunua moja kwa moja kwa yule mwanamke. Waliomshauri hivyo hawakuwa watu wabaya, na baadhi yao walisema wamewahi kufanya hivyo na magari yao yanatembea hadi leo.

Baba alikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa mahsusi. Maombi yake ya uraia yalikuwa yanashughulikiwa, na katika usaili angeulizwa, chini ya kiapo, kama amewahi kutoa taarifa za uongo kwa ofisi ya serikali. Hakuwa tayari kujibu swali hilo akiwa na karatasi moja ya uongo kwenye kabati la kaunti kwa ajili ya gari. Mama aliongeza hoja ambayo naiona ina nguvu zaidi: kama mwanamke wa kwenye hati hakuliuza gari kwa hiari, basi kujaza nafasi ile kungekuwa kumsaidia aliyemwibia.

Pendekezo la pili, la kumsaka muuzaji kupitia kituo cha mafuta na marafiki, lilikataliwa kwa ajili ya usalama. La tatu ndilo lililofuatwa: kuliegesha gari, kutoa taarifa kwa idara ya magari ya jimbo, kumwandikia mwenye gari wa mwanzo kwa anwani iliyo kwenye hati, na, iwapo mlolongo wa waliolimiliki gari hautapatikana, kuomba hati mpya kwa njia ya dhamana, yaani kwa kuweka kinga ya kumlipa mwenye haki ya zamani akijitokeza. Binti aliiandika barua hiyo mwenyewe, nami nilimsaidia maneno machache tu. Hakumshtumu mwanamke yule kwa lolote. Alieleza walivyolipata gari, akaambatisha nakala ya pande zote mbili za hati, na kuuliza swali moja: ulilitoa lini, na kwa nani?

Matokeo

Jibu lilikuja kwa simu baada ya wiki mbili. Mwanamke yule alikuwa mjane wa kaunti ya tatu, na hakuwa na mpwa wa aina hiyo. Alikuwa ameliuza gari baada ya kifo cha mumewe kwa mtu aliyekuwa na tangazo la kudumu katika gazeti la wiki, gazeti lilelile ambalo familia ilitangaza gari lao dogo: nanunua magari, hali yoyote, nalipa taslimu, nakuja ulipo. Mnunuzi huyo alimwomba atie sahihi na kuandika maili tu, akasema mengine atayajaza yeye ofisini. Mjane alikubali kuandika kiapo mbele ya mthibitishaji kueleza hayo, pamoja na tarehe na bei aliyopokea.

Mpelelezi wa jimbo aliomba kumbukumbu za tangazo hilo. Gazeti lilikuwa nazo, kwa kuwa kila anayelipia tangazo kwa kaunta huacha jina, anwani na namna alivyolipa, na mhariri alizitoa baada ya ombi rasmi. Shauri dhidi ya dalali lilikuwa bado linaendelea nilipoandika haya, na fedha hazijarudi.

Hati mpya ilipatikana kwa njia ya dhamana baada ya karibu miezi mitatu. Jimbo lilitaka dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari. Mwombaji halipi kiasi hicho chote, bali hulipa ada kwa kampuni ya bima inayoweka dhamana, ambayo kwa gari la bei hiyo ilikuwa kama dola 100. Dhamana ipo ili mtu mwenye haki ya zamani juu ya gari akijitokeza alipwe. Gharama kubwa haikuwa hiyo. Kwa majira karibu yote ya baridi baba alimlipa mfanyakazi mwenzake kila wiki ili ampakie, mama alipoteza saa za kazi, na van iliyokuwa nzima ilikaa chini ya theluji mbele ya nyumba yao.

Uchambuzi

Fundi alifanya kazi yake, na wao wenyewe hulitaja hilo wanaposhangaa walivyoumia. Uangalifu wote ulielekezwa kwenye gari, na hati ikachukuliwa kama kiambatisho cha gari. Hii ni tabia inayoeleweka kwa mtu aliyejifunza kununua mahali ambapo muuzaji ana jina, ukoo na mtaa, na ambapo hati ikiwa na dosari unaweza kumrudia mwenyewe na wazee wake. Katika mauziano haya muuzaji hakuwa na chochote cha kurudiwa, kwa hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa dhamana pekee, nayo ndiyo iliyopewa dakika chache zaidi, jioni, kwa mwanga wa taa ya kituo cha mafuta, na msichana wa miaka kumi na minane.

Nataka kulisema jambo la binti kwa uzito. Aliona nafasi tupu na akauliza. Alipewa jibu lenye shangazi mzee ndani yake, na malezi yake yanamtaka asimhoji mtu mzima zaidi mbele ya baba yake. Familia nyingi za wahamiaji huweka mzigo wa kusoma mkataba juu ya mtoto ambaye hana mamlaka ya kusema hapana, na katika mauziano hilo ni pengo ambalo dalali mzoefu analifahamu vizuri. Hospitali na mahakama zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinawajibika kutoa mkalimani; kwenye maegesho ya kituo cha mafuta hakuna wajibu huo, na kwa hiyo mkalimani inabidi aandaliwe kabla, hata kwa simu tu, akiwa mtu mzima anayeweza kusema tuondoke.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba gazeti ni salama na mtandao ni hatari, lakini kisa chenyewe kinakataa. Gari liliingia mikononi mwa dalali kupitia gazeti, na mjane, aliyezaliwa katika eneo hilo na kusoma gazeti hilo maisha yake yote, alitia sahihi hati tupu kwa urahisi uleule ambao Wakongo waliipokea. Kuzoea ukurasa hakukumlinda. Tofauti ya kweli ilionekana baadaye, wakati wa kutafuta: gazeti liliacha alama ya mtu, na Marketplace ikaacha wasifu uliofutwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inazilinda tovuti dhidi ya dhima kwa yale ambayo watumiaji wanayachapisha, na kwa hiyo hazina msukumo mkubwa wa kumjua anayetangaza. Kaunta yenye karani inamjua, angalau kwa kiasi cha hundi aliyolipia.

Ubora wa pili wa kaunta ni ushauri. Onyo la hundi ya kughushi liliwaokoa na hasara ya kwanza, na lilitolewa bila kuombwa. Karani huyo hakuwaonya juu ya hati kwa sababu walikwenda kwake kuuza, hawakwenda kununua. Ningependa familia zinazowasili zielewe kwamba ofisi ya mweka hazina wa kaunti hujibu maswali ya hati kabla ya mauziano. Kama kikao kile cha Jumapili jioni kingesogezwa hadi Jumatatu asubuhi, mbele ya dirisha la ofisi hiyo, kalamu ya karani ingegusa namba ya maili kabla ya fedha kutoka mfukoni. Muuzaji halali hapotezi kitu kwa kukutana hapo. Yule aliyechagua Jumapili jioni, katika kaunti nyingine, huku akitaja mnunuzi wa pili, alichagua muda na mahali ambapo hakuna ofisi iliyo wazi.

Uamuzi wa kutojaza nafasi tupu uligharimu miezi mitatu, na wapo kiwandani wanaouona hadi leo kuwa ulikuwa ukaidi. Mimi nauona kuwa ndio uliofungua kila kitu kilichofuata. Hati iliyojazwa ingeharibu ushahidi wa mjane, ingemficha dalali mara ya pili, na ingemfanya baba kuwa mshirika wa kauli ya maili isiyo ya kweli. Kilichopungua ni kasi: taarifa kwa jimbo na barua kwa mjane zingeweza kutumwa siku ileile ya kukataliwa, badala ya kusubiri wiki nzima ya kumpigia muuzaji simu isiyopokewa.

Mhariri wa gazeti amebadilisha utaratibu wake. Tangazo lolote la kununua magari kwa kudumu sasa halipokelewi bila nakala ya leseni ya biashara, na karani amebandika kwenye kaunta nakala ya upande wa nyuma wa hati ya umiliki ya jimbo hilo, ikiwa na mishale inayoonyesha nafasi ambazo lazima ziwe zimejazwa na nani. Maelezo ya Kiswahili na Kihispania yameandikwa chini yake. Ya Kiswahili yameandikwa na binti.